Namna ya Kuwaketisha Watu Wawili Kwenye Rekodi Moja

Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu yako, tafuta kompyuta mbili. Si lazima ziwe nzuri. Ziunganishe na kanzidata moja, kisha fungua rekodi ya mteja yuleyule kwenye zote mbili. Kwenye ya kushoto badilisha namba yake ya simu. Kwenye ya kulia badilisha mtaa anaokaa. Bonyeza "Hifadhi" kushoto, halafu "Hifadhi" kulia. Sasa fungua rekodi hiyo upya uitazame. Kama namba mpya ya simu imetoweka na hakuna skrini hata moja iliyolalamika, basi ulichonacho ni programu ya mtu mmoja, hata kama umekwisha kuiuza kwa ofisi yenye watu kumi.

Jaribio hilo ni la dakika tano, na ndilo linalorukwa kuliko yote. Programu za mezani za maduka ya dawa, vyama vya akiba na mikopo, shule na zahanati hutungwa mara nyingi na mtu mmoja, usiku, kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambamo programu na kanzidata vimo pamoja. Hapo mambo yote yanakwenda sawia, kwa sababu mtunzi hawezi kugombana na nafsi yake. Siku ya kuifunga programu kwa mteja ndipo anapotokea mtu wa pili. Mwongozo huu wote unamhusu yeye: aliyekaa kaunta nyingine, ambaye programu yako haimwoni, na ambaye jioni ataambiwa hesabu zake hazilingani.

Anza na mahali pa kuiweka kanzidata. Njia inayovutia wavivu ni faili moja kwenye folda ya pamoja, kila kompyuta ielekezwe huko. Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, imefundisha ulimwengu mzima mtindo huu. Inafanya kazi, nami simdharau anayeitumia: ofisi ya watu watatu, waya imara, faili ya data ikiwa peke yake na kila mtu akiwa na nakala yake ya programu, itakwenda miaka. Ila fahamu kinachotendeka ndani. Hakuna mtunza mlango. Kila kompyuta inaingiza mkono wake ndani ya faili ileile, inaandika yenyewe, na kijifaili kidogo cha kufuli kilicho pembeni ndicho kinachojaribu kuweka adabu. Ni daftari la madeni lililo wazi mezani, watu kumi wameshika kalamu. Waya ukichomoka katikati ya maandishi, ukurasa unabaki nusu. Kwenye karatasi Access huruhusu watumiaji 255 kwa wakati mmoja na faili isiyozidi gigabaiti 2; anayeichukua hiyo 255 kama ahadi, tena kwa Wi-Fi inayopita kuta tatu, anatafuta msiba. Watunzi wa SQLite nao, ambayo ni kanzidata bora kabisa kwa kompyuta moja, wanashauri wenyewe kwamba kompyuta nyingi zikitaka kushiriki data kupitia mtandao ni heri kutumia seva.

Kwa hiyo weka seva. PostgreSQL ni bure, na kwa duka au zahanati itakaa kwenye kompyuta ya kawaida kabisa. Tofauti yake na faili ya pamoja ni moja, na inatosha: kompyuta za mezani hazigusi diski, zinaomba, na seva peke yake ndiyo inayoandika. Kabla ya kubadilisha data huandika kwanza kwenye kumbukumbu yake kile inachokusudia kufanya, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi, ikiwaka tena husoma kumbukumbu hiyo na kujinyoosha. Nunua UPS hata hivyo. Na usiache kila skrini ishikilie muunganisho wake kuanzia asubuhi hadi jioni; PostgreSQL kwa kawaida huja na nafasi ya miunganisho 100, na nimeona ofisi ndogo zikiimaliza kwa sababu kila dirisha lililofunguliwa lilichukua wake na halikuurudisha.

Sasa turudi kwenye zile kompyuta mbili. Mtunzi anayeogopa mgongano hukimbilia kufuli: mtu akifungua rekodi, ifungwe, mwingine asiiguse mpaka wa kwanza amalize. Inasikika kama busara hadi saa nne ya asubuhi, ambayo ni saa ya chai. Keshia anafungua rekodi ya mteja, anakumbuka chapati zinapoa, anaondoka. Rekodi imefungwa. Mteja mwenyewe yuko kaunta ya pili, amesimama na risiti mkononi, na keshia wa pili hana la kumwambia isipokuwa kwamba "sistimu imegoma". Kanuni hapa ifuate bila huruma: usifungue muamala unaomsubiri binadamu. Muamala wa kanzidata uanze baada ya mtu kubonyeza kitufe na uishe kabla hajaondoa kidole. Mtu ana haki ya kunywa chai, kuswali, kupokea simu ya mtoto mgonjwa. Programu inayomtaka asiondoke kwenye kiti ndiyo yenye kasoro.

Badala ya kufuli, ipe kila rekodi namba ya toleo. Mwaka 1981 H. T. Kung na John T. Robinson walichapisha makala iliyoieleza njia hii vizuri: mwachie kila mtu asome na kubadilisha kwa uhuru, kisha ukague wakati wa kuhifadhi. Keshia akifungua rekodi, programu inakumbuka kwamba toleo lilikuwa la 7. Akihifadhi, inaiambia seva: badilisha rekodi hii ikiwa bado ni toleo la 7, kisha ifanye la 8. Kama kuna aliyetangulia, seva itajibu kwamba imebadilisha rekodi sifuri. Sifuri hiyo ndiyo habari yenyewe, na watunzi wengi hawaisomi. Wanatuma amri, wanaonyesha "Imehifadhiwa kikamilifu" kwa rangi ya kijani, na kusonga mbele. Soma jibu la seva. Lipo kwa ajili yako.

Ukishalisoma, una deni la kumweleza mtu kilichotokea, na hapa ndipo programu nyingi hudhihirisha dharau zao. Access ikikuta mgongano huu humweleza mtumiaji kwamba rekodi imebadilishwa na mwingine na kwamba akihifadhi ataifuta kazi ya mwenzake, kisha inampa vitufe vitatu achague. Nani kabadilisha? Kabadilisha nini? Haisemi. Keshia mwenye foleni ya watu kumi na wawili atabonyeza kitufe cha kwanza, na mimi ningebonyeza hichohicho. Andika hivi: "Rekodi hii imebadilishwa saa 4:12 asubuhi kwenye kaunta ya 2. Namba ya simu ilikuwa hii, sasa ni hii. Wewe umebadilisha mtaa. Mabadiliko yenu hayagongani. Nihifadhi yote mawili?" Kuiandika sentensi hiyo kutakulazimisha kuhifadhi majina, saa na thamani za zamani, na hilo utalihitaji mbele.

Stoki ina ugonjwa wake, na dawa yake ni tofauti. Stoo ina makopo 40 ya maziwa ya unga. Kaunta ya kwanza inasoma 40, inauza 3, inaandika 37. Kaunta ya pili ilikuwa nayo imesoma 40, inauza 5, inaandika 35. Yaliyobaki ni 32, na mtunza stoo ndiye atakayeulizwa yale matatu yamekwenda wapi. Usiipe skrini kazi ya kupiga hesabu na kupeleka jumla. Iambie seva "punguza 5", nayo itazipanga amri zenyewe. Vizuri zaidi, usihifadhi jumla peke yake: hifadhi kila tukio, limeingia, limetoka, limerudishwa, limevunjika, na jumla itokane na matukio. Jumla iliyokosewa haina wa kumuuliza. Tukio lina saa, lina kaunta, lina mtu.

Halafu jaribu kitufe. Bonyeza "Lipa" huku umechomoa waya wa mtandao. Skrini itaganda. Bonyeza tena, kama atakavyofanya kila mtu mwenye akili timamu. Na tena. Rudisha waya uhesabu: ni malipo mangapi yameandikwa? Kama ni zaidi ya moja, usiifunge programu hiyo mahali popote. Dawa yake inajulikana siku nyingi: programu ya mezani itoe namba ya pekee kwa kila malipo pale mtu anapoyaanza, kabla ya kubonyeza chochote, na kanzidata ikatae kuipokea namba hiyo mara ya pili. Hapo mtu abonyeze hata mara hamsini.

Anayedhani hili ni jambo dogo aisome habari ya Dalmellington, mji mdogo wa Scotland. Oktoba 2015 mwendeshaji wa ofisi ya posta huko alikuwa akihamisha pauni 8,000 kwenda tawi dogo alilolihudumia. Alibonyeza kuthibitisha, skrini haikusogea, akabonyeza tena. Mfumo uliandika mapokezi mara nne. Pauni 8,000 zikawa 32,000, na tawi likaonekana lina upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwepo duniani.

Mfumo huo uliitwa Horizon. Posta ya Uingereza ilianza kuusambaza mwaka 1999 kwenye maelfu ya ofisi, na mtengenezaji wake alikuwa ICL, kampuni iliyomilikiwa na Fujitsu. Ulikuwa hasa kitu tunachokizungumzia hapa: kompyuta za kaunta zinazoshiriki kumbukumbu moja ya hesabu. Kwenye ofisi ya Callendar Square, mjini Falkirk, kasoro katika programu ya kunakili data ilifanya hamisho lililopokelewa kwenye kaunta moja lisionekane kwenye kaunta nyingine ya ofisi hiyohiyo, likapokelewa tena. Mtu wa pili, rekodi moja, hatua chache kati yao. Ofisi nyingi kati ya hizo ziliendeshwa na mawakala, mara nyingi mume na mke wenye duka la kijiji, na hesabu zilipopungua Posta iliwadai wao. Waliuza nyumba wakalipa. Waliokataa, au walioshindwa, walishtakiwa kwa wizi na hesabu za uongo, na kompyuta ndiyo ikawa shahidi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa. Mmoja alipelekwa gerezani mwaka 2010 akiwa mjamzito.

Desemba 2019 Jaji Peter Fraser wa Mahakama Kuu jijini London aliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu kwenye hesabu za mawakala, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingiza miamala kwenye hesabu za tawi kutoka mbali bila mwenye tawi kujua, jambo ambalo Posta ililikanusha kwa miaka. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na Mei 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta nyingine kwa mamia. Ripoti ya uchunguzi wa umma iliyotoka Julai 2025 ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kutokana na mkasa huo.

Nimekaa hapa kwa muda kwa makusudi. Kila kasoro niliyoitaja juu ya Horizon ina jina katika vitabu vya ufundi na ina dawa inayofundishwa mwaka wa pili wa chuo. Kilichoigeuza kuwa balaa ni kwamba aliyeketi kwenye kibodi hakuwa na njia ya kuona ndani. Aliona jumla, akaona upungufu, akapiga simu ya msaada. Kwa hiyo usanifu wa programu yako upime kwa swali hili: siku hesabu zisipolingana, mtu wa kaunta anaweza kujitetea kwa kutumia programu yako yenyewe?

Ili aweze, kanzidata iwe na jedwali la matukio linaloongezwa tu. Hakuna kufuta, hakuna kuhariri. Kosa hurekebishwa kwa tukio jipya linalolitangua la zamani, kama wahasibu walivyofanya kwa wino tangu enzi. Kila tukio liwe na jina la aliyelifanya, kompyuta aliyoitumia, na saa. Jina lako wewe mtunzi liwemo pia. Ukiingia kutoka nyumbani usiku kurekebisha rekodi iliyokwama, tukio hilo liandikwe kwa jina lako na lionekane kwenye skrini ya tawi kesho yake asubuhi, kwa rangi yake. Seva izuie hata akaunti ya programu yenyewe isiweze kufuta jedwali hilo. PostgreSQL inakuruhusu kutoa ruhusa ya kuongeza na kusoma bila ruhusa ya kubadilisha, na ni kazi ya amri moja. Kisha weka kitufe kinachomwezesha keshia kuchapisha matukio yote ya siku yake bila kuomba ruhusa ya meneja.

Kuhusu akaunti, watunzi wana tabia ya kuweka nywila moja kubwa ya kanzidata ndani ya programu na kuisambaza kwenye kila kompyuta. Wanaamini imefichika. Yeyote mwenye muda na programu ya bure ya kusoma faili ataiona, na akishaiona ataunganisha Excel moja kwa moja kwenye majedwali yako na kubadilisha mishahara bila kupita kwenye skrini hata moja ya zile ulizozipamba. Ama kila mtu awe na akaunti yake kwenye seva, yenye ruhusa za kazi yake tu, ama weka huduma katikati ambayo programu ya mezani inazungumza nayo na ambayo peke yake ndiyo inayoijua kanzidata. Njia ya pili ina kazi zaidi mwanzoni, lakini ndiyo ninayoishauri mara tu ofisi zinapozidi moja.

Wala mlango wa seva usiutazamishe intaneti. Tarehe 25 Januari 2003 kirusi kilichoitwa Slammer, chenye ukubwa wa baiti 376, kilipita kwenye mlango wa 1434 wa SQL Server na ndugu yake mdogo MSDE, na sehemu kubwa ya mashine zipatazo 75,000 zilizoambukizwa zilishikwa ndani ya dakika kumi. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetoka Julai 2002. Linalonihuzunisha ni hilo la MSDE: ilikuwa inakuja imefungashwa ndani ya programu za mezani, hivyo watu walikuwa na seva ya kanzidata kwenye kompyuta zao bila kuambiwa. Ukifungasha kitu, mwambie mwenye kompyuta, na ubebe jukumu la kukisasisha.

Kwetu sisi kuna jaribio jingine la bure ambalo halimo kwenye vitabu vya wageni. Sajili mteja anayeitwa Mung'ong'o. Programu iliyounganisha maneno ya mtumiaji na amri ya SQL kwa kujumlisha maandishi itaanguka hapohapo, kwa sababu ile alama ya ng' huyafunga maandishi ya jina ndani ya amri ya SQL kabla ya wakati. Nimeona ofisi zilizotatua hili kwa kumwambia mteja jina lake liandikwe bila alama. Mtu anabadilishiwa jina la babu yake ili kumfichia mtunzi uzembe! Na tundu linalomkataa Mung'ong'o ndilo hilohilo linalompitisha mwizi, anayeandika amri nzima mahali pa jina. Tumia vigezo, yaani amri iende kwa seva upande wake na jina upande wake, nayo mashimo yote mawili yatazibika.

Saa ichukue kwa seva. Kompyuta ya kaunta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huamka kila asubuhi ikiamini ni mwaka uliokwisha kupita, na mauzo yake yataingia huko. Fedha zihifadhi kwa aina ya namba yenye desimali kamili, kamwe isiwe ile ya kuelea, ambayo ukiijumlishia 0.1 na 0.2 inakujibu 0.30000000000000004.

Limebaki suala la toleo jipya, na ndilo linalowashika waliofanya mengine yote vizuri. Umeongeza safu kwenye jedwali, umebadilisha maana ya nyingine, umesasisha kompyuta tisa. Ya kumi ilikuwa imezimwa, iko chumba cha nyuma, na mhasibu ataiwasha mwisho wa mwezi. Itaanza kuandika kwa kanuni za zamani kwenye majedwali mapya. Weka ndani ya kanzidata jedwali dogo lenye namba ya toleo inayokubalika, na kila programu ilisome inapowaka. Ikijikuta imepitwa, isiandike chochote. Imweleze mhasibu kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba inahitaji kusasishwa, na imwonyeshe faili la kusasishia liko wapi ndani ya mtandao wa ofisi yake, ili asilazimike kukusubiri wewe upatikane kwa simu siku ya mishahara. Mabadiliko ya jedwali yenyewe yafanye kwa awamu: ongeza safu mpya, acha ya zamani iendelee kuwepo mpaka kompyuta ya mwisho imehama, ndipo uiondoe. Nakala ya akiba ichukue kabla ya kugusa lolote, uirudishe kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka, kisha zile kompyuta mbili ziwashe upya na urudie jaribio la namba ya simu na mtaa kwenye toleo jipya, kwa sababu la zamani kulifaulu hakusemi lolote juu ya hili.